Kwa Safari, Kichwa cha Ng'ombe

Safari, kichwa changu,

Sitakuuliza habari za huko. Mimi nina habari za huku, na nimezibeba kutoka Louisville mpaka hapa Tonawanda, jirani na Buffalo, bila kuzimwaga, kwa hiyo tulia unisikilize. Unajua shule niliiacha mapema, na mikono yangu imezoea maboksi ya kiwandani kuliko kalamu. Nikikosea, cheka.

Ng'ombe ametembea tena.

Aliyeanza ni Yaya Furaha, dada yetu mkubwa. Alinipigia simu nimetoka kazini, viatu bado viko miguuni. "Donc, basi, watoto wa kanisa huku Newburg, Louisville, wameiona ile filamu yetu ya kambini. Wanataka tuifanye upya, wao na sisi wazee pamoja. Wewe ni ng'ombe."

Nikamwambia sitaki.

"Sikukuuliza kama unataka. Nimekuambia wewe ni ng'ombe."

Unamjua. Ndivyo alivyokuwa hata zamani, msichana wa kwaya aliyetuzidi umri kidogo tu, lakini alitupanga mbele ya kamera ya yule mpiga picha wa harusi utadhani anapanga jeshi. Na filamu yenyewe ilikuwa fupi, inaisha chai haijapoa. Watoto ndani ya makoti ya baba zetu, tunajifanya wazee waliokuja kuposa. Mapendo mwenzetu ndiye baba wa bibi harusi, ana ndevu za pamba. Mahari ni sisi wawili chini ya blanketi la kijivu la kambi ya wakimbizi, wewe kichwa, mimi matako.

Kabla hatujatoka ulininong'oneza, "Nifuate, usifikiri." Mimi nikafikiri. Ukakata kushoto, nikaenda kulia, blanketi likabaki chini, na mbele ya wageni wakaonekana wavulana wawili wenye kaptula zilizotoboka. Mapendo hakucheka hata kidogo. Alishika ndevu zake akasema, "Amezaa! Mahari imeongezeka!"

Mpiga picha alitaka turudie. Furaha alikataa. "Kosa likichekesha, liache." Ndiyo maana mpaka leo, kwenye harusi za watu wetu, iwe Columbus au Buffalo, mtu akiangusha sahani lazima mwingine apige kelele, "Amezaa!" Hata wale wasiojua neno hilo lilitoka wapi.

Kwa hiyo kukataa kwangu hakukuwa uvivu. Ng'ombe ni wewe na mimi. Siku ile ya kukuzika nilijiambia sitainama nyuma ya mtu mwingine yeyote.

Halafu akanipigia mke wako. Hata habari za filamu hakuanza nazo. Aliniambia binti yenu Asifiwe ameacha Kiswahili. "Shemeji, nikiongea naye anaziba masikio. Anasema hiyo ni lugha ya Papa, na Papa hayupo." Shule anakwenda, chakula anakula, lakini kucheka hakuna, na Kiswahili hakuna. "Nataka tumpeleke Louisville. Labda akimwona baba yake alivyokuwa mtoto..." Hakumaliza. Nami sikungoja amalize.

Nikaomba ruhusa kazini, nikawapitia kwao Westerville, Ohio. Asifiwe alikaa kiti cha nyuma, kofia ya jaketi imemfunika mpaka machoni. Nikamsalimu kwa Kiswahili, akaitikia kwa Kiingereza. Nikamwambia amerefuka kama baba yake, akageukia dirisha. Safari, mimi huwa nanyanyua mizigo siku nzima, lakini kimya cha mtoto yule kilinichosha kuliko kazi. Tulivuka mto pale Cincinnati, mama yake anaimba polepole, na nyuma kama hakuna mtu.

Louisville walitupokea kwa sombe la majani ya muhogo na kelele. Mapendo amenenepa, ana watoto, anahudumia wazee kwenye nyumba yao ya kutunzwa, na ndevu zake za pamba alikuja nazo mfukoni. Tukakaa kwenye ukumbi wa kanisa, Furaha akatuonyesha filamu ya zamani ukutani. Picha imefifia, sauti inakwaruza. Watoto wa huku walicheka makoti yetu. Asifiwe hakucheka. Lakini blanketi lilipoanguka na wewe ukatokea, masikio yale na meno yale, alivua kofia. Akamwuliza mama yake jambo kwa Kiingereza, mama akaitikia kwa kichwa. Asifiwe akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaomba tena.

Furaha akapiga makofi. "Bon! Matako yamefika kutoka Buffalo. Kichwa atakuwa nani?"

Wanaume walianza kusukumana. Mimi nilikuwa natazama sakafu. Niliponyanyua macho, pembe za katoni zilikuwa kichwani mwa Asifiwe. Hakuomba ruhusa kwa mtu. Alisimama tu pale amezishika zisianguke, ananitazama kama mtu anayengoja basi lililochelewa.

Nikaenda.

Blanketi nililoleta lilikuwa lile zito la kwangu la baridi, lenye picha ya simba. Furaha alilizunguka, akatikisa kichwa. "Ng'ombe huyu amemeza simba. Basi, wakwe watalipwa nyama mbili." Tukafunikwa, tukawekwa nyuma ya mlango tungoje tuitwe. Mgongo wangu ulianza kunilaani palepale. Mbele yangu naona soksi za Asifiwe tu.

Ukumbini mpiga picha wa huku akawasha kamera, filamu mpya ikaanza. Wageni wanaokuja kuposa ni watoto wa sasa, na msemaji wao ni Joshua, mtoto wa Mapendo, aliyezaliwa hukuhuku. Koti linamfika kwenye viatu. Neno lake lilikuwa moja tu, na walikuwa wamemfundisha wiki nzima: tumekuja kumuoa binti yenu. Tukamsikia anakohoa kizee, kisha kwa sauti nzito:

"Wazee wetu, tumekuja kumuua binti yenu."

Na Mapendo, Safari, Mapendo yule yule, bila kutikisa ndevu:

"Karibuni sana. Lakini ng'ombe kwanza."

Watu walianguka kwenye viti. Chini ya blanketi nilisikia kitu kama mtu anakabwa. Nikaogopa, nikadhani mtoto analia. Alikuwa anacheka! Anacheka mpaka simba anatikisika mgongoni. Nami nikabaki nimeinama, jasho linanitiririka, nikaelewa polepole: hakuna aliyemtafsiria. Anayecheka neno lile ni yule anayejua kuoa ni nini na kuua ni nini. Kiswahili hakijaenda popote. Kilikuwa ndani, amekifunika tu.

Furaha akaita ng'ombe. Asifiwe akageuza shingo, akanong'ona, kwa Kiswahili:

"Nifuate, usifikiri."

Nikamwuliza, "Nani alikufundisha hiyo?"

"Papa. Tukivuka barabara, kama kuna barafu."

Sikujua, ndugu yangu. Mimi nilidhani maneno yale yalikuwa yetu tu, ya blanketini. Kumbe uliyabeba mpaka Ohio ukamvushia mtoto wako barabara.

Tulitoka. Nilifuata soksi, sikufikiri kitu. Ng'ombe alitembea vizuri mno, hata watu wakaanza kulalamika, "Azae! Azae!" Asifiwe akacheka, akasimama ghafla katikati ya ukumbi. Mimi mwenye uzito wangu nikamgonga, goti likaniacha, nikaanguka kifudifudi na blanketi lote. Yeye akabaki amesimama na pembe zake. Akanitazama pale chini, mzee mwenye upara anatafuta pa kushika. Akageukia wageni, akanyoosha mikono, akapiga kelele:

"Nimezaa! Lakini mtoto mzee!"

Mama Asifiwe alicheka huku analia, akafuta uso kwa kitenge. Mpiga picha akauliza kama turudie. Watu wakazidi kucheka.

Hizo ndizo habari. Nimerudi kwenye maboksi, kiuno kinanikumbusha Louisville kila ninapoinama, na sijuti. Asifiwe ananipigia simu Jumapili baada ya ibada. Ananiita Mkia, kama ulivyoniita wewe. Kiswahili chake kimejaa makosa: juzi aliniambia amekula mwalimu wake, alitaka kusema amemkuta. Nilimjibu, "Pole yake, alikuwa mtamu?" Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Simkosoi sana. Kosa likichekesha, naliacha.

Lala vizuri, kichwa changu. Pembe amezibeba binti yako, na zinamkaa kuliko zilivyokukaa wewe. Nakuahidi kitu kimoja: nitakuwa nyuma yake, mahali ninapopajua. Akikata kushoto, safari hii nami nitakata kushoto.

Mkia wako.