Shilingi Moja Tu, Dada wa Dirishani

Ijumaa, jioni. Baridi ya Julai imekaza. Mlima Meru haujaonyesha uso tangu Jumatatu, na nguo nilizofua siku hiyo hiyo bado zinadondosha maji kwenye kamba. Nimekaa jikoni nimevaa soksi mbili mbili. Nimechoka, nina hasira, na nikisema ukweli nina furaha pia, ila sitaki mtu wa nyumba hii ajue.

Kesho alfajiri kwaya yetu ya akina mama inaondoka kwenda Mombasa. Mapumziko! Usharika umetupa basi; hosteli na chakula tunajilipia wenyewe. Tumechanga tangu Januari, laki mbili na nusu kila mmoja, na mweka hazina ni mimi, Mama Gloria wa sare za shule pale Kimandolu. Kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuibadilisha pesa yote iwe ya Kenya.

Kazi ndogo tu. Ndivyo nilivyodhani.

Tatizo ni Mama Anaeli. Yeye ndiye mkubwa wetu kwa umri, anaimba sauti ya pili, na kwenye kwaya nzima hakuna anayeisubiri safari hii kama yeye, maana bahari hajawahi kuiona hata siku moja. Mwezi wa tano ng'ombe wake akaugua. Akaja kwangu kuomba arudishiwe mchango wake, hakutaka hata kukaa, akaupeleka kwa daktari wa mifugo, na ng'ombe akafa vilevile. Tulipotaka kumchangia akatukatalia mbele ya watu wote.

"Mimi sijafiwa," akasema. "Aliyekufa ni ng'ombe. Msinichangie."

Unamjua mtu akisema jambo huku anakunja kanga yake polepole? Tukazirudisha pesa mifukoni. Lakini Jumapili baada ya mazoezi nikapata akili. Nikasimama nikawaambia wenzangu kwamba nikiipata reti nzuri ya kubadilishia pesa pale mjini, kuna pesa itazidi, na hiyo itakuwa haina mwenyewe. Haijatoka mfukoni kwa mtu. Mama Anaeli akiitumia hiyo, hajachangiwa na yeyote. Tukamgeukia.

"Hiyo ya reti sawa," akasema. "Hiyo ni ya Mungu."

Wakanipigia makofi. Nami nikayapokea, tena nikainamisha kichwa kidogo kama wageni rasmi wanavyofanya. Nilipofika nyumbani ndipo nikapiga hesabu, nikaona kwamba ili ipatikane nafasi ya Mama Anaeli, ni lazima dukani wanipunguzie karibu shilingi moja kwa kila shilingi ya Kenya.

Shilingi moja tu! Nikalala usingizi mzuri kabisa. Shilingi moja ni nini? Dukani kwangu haipo hata kwenye droo. Mimi mteja akinililia namwachia elfu mbili kwenye sweta na bado nabaki na yangu. Na nikienda kununua vitambaa, wenye maduka wakiniona nakuja wanaanza kuvuta pumzi. Sijisifu, wanasema wenyewe.

Jana asubuhi nikafunga duka, nikamchukua Mama Joy. Mama Joy ni jirani yangu wa Sekei na mwenzangu wa kwaya, na kwenye manunuzi tuna mtindo wetu. Mimi naongea na muuzaji, yeye anakaa pembeni amenuna, kisha ananivuta mkono anasema twende zetu, kule ng'ambo ni rahisi. Mtindo huu haujawahi kutuangusha Arusha hii.

Duka la kubadilisha fedha tuliloingia lina kioo kinene chenye kidirisha chini, na nyuma yake amekaa msichana nadhifu, kucha nyekundu, sauti ya upole. Juu yake kuna ubao wa bei.

"Dada, mwisho ngapi?" nikamuuliza.

"Mwisho wa nini, mama?"

"Wa hiyo shilingi ya Kenya."

"Bei ni hiyo imeandikwa hapo juu."

"Hiyo ni ya kuanzia. Mimi nakuuliza ya mwisho."

Akaniangalia. Akaangalia ubao, nadhani kuhakikisha hakuna kitu kingine kimeandikwa. Nikamwambia mzigo wangu ni mkubwa, mimi ni mteja wa jumla, sijaja kununua moja moja. Nikamwambia mimi ni mama yake. Nikamwambia tunakwenda kumwimbia Bwana. Akatabasamu, akasema amefurahi sana, na bei ni ile ile.

Shida ya biashara ile ni kwamba huna cha kushika. Kitambaa ningekivuta, ningekiangalia kwenye mwanga, ningetafuta uzi uliokatika ili nikiseme vibaya. Shilingi ya Kenya unaisema vibaya vipi? Hata hivyo nilijaribu. Nikamwambia zile noti naziona zimechakaa. Akazitoa, akaleta nyingine mpya, zinanukia.

Mama Joy akanivuta mkono. "Twende zetu Mama Gloria, kule ng'ambo wanatupa nzuri."

Hapo sasa ndipo penye utaalamu wangu. Kuondoka dukani si kuondoka tu. Unageuka taratibu, unaweka mkoba begani, unaguna, unapiga hatua fupi fupi ili muuzaji apate nafasi ya kujutia. Kabla hujafika mlangoni unasikia, "Mama! Mama rudi bwana, lete pesa."

Tulifika mlangoni. Hatukuitwa. Tukasimama kizingitini kama watu wanaotafuta simu kwenye mkoba. Nilipogeuza jicho kidogo, yule msichana alikuwa anahudumia mzungu mwenye kofia, na ninaapa alikuwa ameshatusahau.

Tukaenda kona ya pili kujificha, maana huwezi kurudi papo hapo, utadharauliwa. Tukanywa chai. Mama Joy akaagiza na sambusa, mbili, halafu mbili tena, na kwa kuwa nilikuwa nimemtoa nyumbani kwake nikalipa mimi. Baadaye tukajaribu duka la jirani. Wao walikuwa na shilingi za Kenya kiduchu, zisingetosha hata chakula cha siku moja. La tatu lilikuwa limefungwa. Tukarudi kwa msichana wetu tukiwa na nyuso za watu wanaopita tu.

Ubao ulikuwa umebadilishwa. Bei ilikuwa imepanda.

Nilihisi jasho, kwenye baridi ile. Nilikuwa naombea shilingi ipungue, nimekwenda kunywa chai, imeongezeka senti. Nikamwambia yule dada kwamba hii si haki, mimi nilikuwa hapa mapema, mzee wa duka aliyeketi nyuma yake ni shahidi. Mzee akasogea, akauliza tuna kiasi gani. Nilipomtajia akakuna kidevu, akasema kwa kuwa ni nyingi atatupunguzia kidogo. Nikaona mambo hayo! Akatupunguzia, na bei ikarudi pale pale ilipokuwa asubuhi, bila kuzidi wala kupungua.

Nikatoa kitambulisho, nikalipa, nikapewa risiti. Ndani yake hapakuwa na nafasi ya Mama Anaeli.

Tukatoka. Nilikuwa nawaza nitamwangaliaje, maana Jumatano nilipita kwake na mdomo wangu huu, nikamwambia aanze kufungasha. Alishawapeleka kuku kwa jirani. Alishaazima begi. Nikamwona Mama Joy anafungua pochi yake na kunishikisha elfu hamsini.

"Hii iweke kwenye reti."

"Reti imeshafungwa, wewe si umeona risiti?"

"Ifungue."

Jioni ikabidi nimpigie mwenyekiti wetu, kwa sababu yeye ndiye anayekagua hesabu na kumdanganya siwezi. Nikamweleza yote, kasoro sambusa. Akakata simu bila kuaga. Nikajua nimeisha. Dakika chache baadaye simu ikalia, laki moja imeingia, na ujumbe wa maneno mawili: "Ya reti."

Ikabaki laki moja. Mimi nilikuwa na laki tatu zangu, nimezitunza kwa siri nikanunue kanga Mombasa nije niziuze dukani. Nilizitoa kwenye kopo, nikazitazama, nikatoa laki moja. Sitasema ilitoka kwa moyo mweupe. Ilitoka kwa sababu nilikuwa naliona lile begi la kuazima.

Asubuhi ya leo nikaenda mbio kubadilisha hiyo nyongeza, nikaandika kwenye grupu la kwaya: "Mungu ni mwema. Wamepunguza shilingi nzima. Mama Anaeli tunaye." Zikamiminika amina na vigelegele. Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mimi ni mimi, nikaongeza: "Ni kujua tu kuongea nao."

Sentensi hiyo ndiyo imenila.

Nilikuwa sijamaliza kupanga sweta dukani, mama mmoja wa sauti ya kwanza akaingia na laki yake ya matumizi. Anataka nimbadilishie, kwa reti ile ile, kwa kuwa mimi najua kuongea nao. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake mwingine na dada yake, ambaye hata kwenye kwaya hayumo. Ilipofika saa nne walikuwa wamejaa dukani na hakuna hata mmoja aliyekuja kununua sare.

Ningesema nini? Kwamba hiyo reti haipo, nimeidanganya kwaya nzima, na Mama Anaeli amechangiwa? Habari kama hiyo ingemfikia kabla sijafunga mlango, na angelirudisha begi la watu jioni hii hii. Basi nikachukua. Kila laki niliyopokea, karibu elfu tano inatoka kwenye kanga zangu. Watatu wa kwanza niliwapokea kwa tabasamu kwa sababu walinisifia sana, udhaifu wangu huo. Wa nne nikaanza kuumwa kichwa. Wa sita nikatangaza kwamba dada wa dirishani ameenda likizo.

"Mpigie," wakasema. "Si mnaelewana?"

Mwenyekiti naye, bila haya, akaniandikia pembeni: "Vipi, reti bado ipo?" na vile vikatuni vya kucheka machozi, safu nzima. Mama Joy, aliyekuja kunisaidia kukunja sweta, alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mchana nikakimbia mjini tena na fedha zao na zangu. Yule msichana akaniona kwenye kioo, akasema kwa upole wake, "Karibu mama, bei ni hiyo ya ubaoni." Nikasukuma pesa kwenye kidirisha kama mtoto anayepeleka daftari lenye makosa. Njiani nikirudi nilizihesabu kanga ambazo pesa yangu ingeweza kununua, zikawa chache kiasi kwamba naweza kuzivaa zote mwenyewe.

Saa kumi na moja, nimeshashusha nusu ya mlango wa duka, Mama Anaeli akaingia. Ametembea kwa mguu kutoka kwake, amevaa sweta ya bluu na kilemba chake cha ibadani. Nilimwamkia shikamoo, nikadhani amesikia.

"Marahaba mwanangu. Nasikia kuna reti."

Akafungua fundo kwenye pindo la kanga, akaniwekea mezani elfu hamsini. Za mayai, akasema. Kule hosteli asije akaonekana hana hata ya maji ya kunywa. Nikahesabu noti za Kenya kwenye zangu, nikampa. Kisha nikamwongezea noti moja ambayo reti yoyote ya dunia hii isingeitoa, si ile ya kweli wala ile ya kwangu.

Akazihesabu. Akazihesabu tena.

"Mbona nyingi hivi?"

"Ndiyo reti yenyewe, mama."

Akaniangalia. Kisha akamwangalia Mama Joy, ambaye ghafla alikuwa na kazi nyingi sana kwenye zile sweta, anakunja zilizokwisha kukunjwa. Niliona begi linarudi, kuku wanarudi, na sisi wengine tunaimba Mombasa bila yeye, tukiwa na deni kwake la aibu ambalo hatutaweza kulilipa.

Mama Anaeli akazifunga noti zote kwenye pindo, pamoja na ile iliyozidi. Akakaza fundo. Akaelekea mlangoni, akainama kupita chini ya mlango, na akiwa ameinama hivyo akasema bila kugeuka:

"Huyo Reti ni mtu mzuri sana. Umwambie kesho akae kiti kimoja na mimi. Nasikia njia ile ni ndefu, na mimi kwenye gari natapika."

Nikamjibu kwamba nitamwambia.

Ndimu mbili na mfuko nimeshaviweka kwenye mkoba.