Kilichowatoa Njiwa kwa Mama

Kwa Mzee Isakwisa,
Sumbawanga.
Jumatano, 13 Agosti 2025.

Kwa kaka yangu Timoth,

Shikamoo kaka. Habari za hapo nyumbani, habari za mama na miguu yake, na ulezi mmeshaupepeta wote? Mimi mwili hauna tatizo, nakula na kulala, ila upepo wa huku mwezi huu unapasua midomo mpaka mtu anaogopa kucheka. Si kwamba nina la kuchekea.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Simu mtu anaikata, au anasema mtandao ulikuwa mbaya hakusikia. Barua ikishasomwa mbele za watu haina pa kukimbilia, na mimi nataka hii isomwe mbele za watu. Isome kwanza peke yako. Halafu Jumapili, wazee wakishakaa kuamua kama shemeji Bertilla arudi au abaki moja kwa moja kwa wazazi wake Wampembe, simama uisome yote, hata pale utakapoona aibu.

Nilivyoelezwa na wewe na mama ni hivi, nawe utanisahihisha. Jumamosi ya mwisho wa Juni shemeji alianika dagaa zake juu ya mkeka wa mama wa ulezi, mama akasema ulezi wake utanuka ziwa, shemeji akajibu kwamba ziwa limemsomesha na halijawahi kumnukia. Kesho yake mkaenda misa wote, mama mbele na shemeji nyuma, hawasemeshani. Mliporudi, kibanda cha njiwa cha marehemu baba kilikuwa kitupu. Njiwa kumi na mmoja, hakuna hata mmoja. Kuku wote walikuwepo, hata yule mwenye vifaranga. Wazee wakasema mwizi gani anaacha kuku anachukua njiwa, hao wameondoka wenyewe kwa sababu nyumba haina amani. Mama akasema kikulacho ki nguoni mwako. Mwezi mzima mkakaa kwa kununiana, na Ijumaa ya kwanza ya Agosti shemeji akasindikizwa kwao, mtoto wenu Rozina mgongoni. Jumamosi, siku moja tu baadaye, njiwa wawili wakatua juu ya bati. Mama alinitumia sauti kwenye simu, anaimba. Alisema Mungu ameonyesha wazi, mwenye maneno ametoka na amani imerudi, sasa kilichobaki ni kupeleka neno Wampembe kwamba asirudi.

Sauti ile nimeisikiliza mara nyingi. Sasa nikueleze kazi ninayofanya huku, maana niliyowaambia haikuwa kweli.

Niliwaambia ninatunza stoo ya mbolea ya Mzee Isakwisa. Stoo anaitunza mwingine. Mimi ninatunza njiwa. Mzee Isakwisa unamfahamu kwa sifa, yule Mnyakyusa wa duka la pembejeo, si mtu mbaya, analipa na anasali. Lakini tangu anunue mbwa wawili wa kunusa ndege, Roki na Lulu, amekuwa mtu wa ajabu. Mbwa hawa wanafundishwa kwenda kwenye majani, wakinusa kware au kwale wasimame wima, mguu mmoja juu, mkia umenyooka, wasiguse chochote mpaka bwana mkubwa afike na bunduki. Kibali cha kuwinda anacho. Kware ndio hawana ratiba ya kuja kufundishia mbwa, kwa hiyo mbwa wanafundishiwa njiwa. Na njiwa lazima mtu awatafute, awalishe, awasafishie mavi. Mtu huyo ndiye mdogo wako Eustace, mwenye cheti cha kidato cha nne.

Nilianza na njiwa wa maghala ya mahindi. Unaweka tenga limeegemezwa kwenye kijiti, chini yake punje, kijiti kimefungwa kamba, unavuta. Nilikamata wengi. Kaka, sijawahi kuona uchafu wa namna ile. Ukimfungua mdomo unakuta uvimbe wa njano kooni kama jibini iliyooza, na pumzi yake inakurudisha nyuma. Wanaharisha maji ya kijani. Kwenye manyoya kuna inzi bapa wanaokimbia ubavu kama kaa, ukimshika njiwa wanahamia kwako, wanaingia kwenye nywele. Nilikuwa ninapanda Noah ya kwenda kuwasalimia, abiria wanajisogeza mbali nami. Baada ya wiki mbili njiwa wote wa maghala walikufa, na Mzee Isakwisa akasema hataki tena takataka za mjini, mbwa wake watapata ugonjwa. Alitaka njiwa safi wa majumbani. Alisema nikipata kumi wazuri kazi ni yangu moja kwa moja, nisipopata atamwita kijana wa kwao Tukuyu.

Nikazunguka mitaa yote kuomba kuuziwa. Wewe unajua jibu nililopata. Mama mmoja wa Kizwite alinitazama kama niliyemwomba animegee kitanda cha ndoa. Aliniuliza nani alinilea, na kama kwetu watu wanauza amani ya nyumba sokoni. Nyumba ya nne nilifukuzwa na mbwa. Mzee Isakwisa aliponiuliza kwa nini ninarudi mikono mitupu nilimweleza desturi yetu, akacheka sana, akasema kwao njiwa ni kitoweo tu. Nilicheka naye. Hilo nalo linanikera, kwamba nilicheka.

Basi, njiwa wakapatikana, nitasema baadaye walikotoka. Kwanza nikwambie wanavyotumika, ili wazee wasije wakadhani ni mchezo.

Wengine unawafunga mbawa kwa utepe mweusi wa fundi umeme wasiruke. Wengine unawang'oa manyoya ya bawa moja. Asubuhi unamchukua mmoja, unamkunja kichwa chini ya bawa, unamzungusha mkononi mpaka alewe, halafu unamlaza kwenye majani kama mtoto. Analala pale hajui mbingu iko wapi. Lulu analetwa kwa kamba ndefu. Akisimama vizuri anapewa nyama, nyama ya ng'ombe kaka, mimi nikila maharage. Akimrukia njiwa tunavuta kamba, lakini mara nyingi tunachelewa. Udenda wa mbwa ukichanganyika na manyoya na damu unanata vidoleni mpaka jioni, na Mzee Isakwisa ana tabia ya kujifutia mkono kwenye koti langu huku anamsifu mbwa.

Aliyekufa hatupwi. Anatumika kumfundisha Roki kuokota na kuleta. Kulikuwa na njiwa mmoja alifia mdomoni mwa Lulu siku ya Jumatatu. Alirushwa na kuokotwa Jumatatu yote, usiku akawekwa kwenye friza, pembeni ya samaki wa Kirando wa mke wa mzee. Jumanne akatolewa, akayeyuka juani, akarushwa tena. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi shingo ilikuwa imerefuka, tumbo limefunguka, ananuka mpaka Roki mwenyewe alimwokota kwa ncha ya meno na kugeuza uso. Mbwa aliona kinyaa, kaka. Mimi nilimpokea kwa mkono, nikamrudisha kwenye friza, kwa sababu niliambiwa Ijumaa bado anafaa. Wale wengine, waliokufa bila kuchakaa, mzee aliniambia nisitupe chakula, nikapika wawili nikala na ugali.

Sasa nitasema, na hapa uisome polepole.

Jumapili ile ya mwisho wa Juni, mlipokuwa misani, nilishuka kwenye Noah hapo Mpui nikapita njia ya nyuma, ya kwenye mashamba ya alizeti. Sikukutana na mtu. Nilijua misa ya pili inachelewa kutoka na nilijua mlango wa kibanda unafungwaje, maana mimi na wewe ndio tuliomshikia baba mbao. Njiwa walikuwa wametawanyika juu ya bati. Nikamwaga ulezi ndani ya kibanda, nikapiga mluzi. Ule wa baba, kaka, wa kuwaita jioni. Walishuka wote kumi na mmoja, wakaingia wakigombania mlango, maana tangu baba afariki hakuna aliyewaita kwa mluzi ule. Nikafunga. Nikawatia kwenye gunia lenye matundu mmoja mmoja. Kuku sikuwagusa kwa sababu mimi si mwizi, ndivyo nilivyojiambia. Mzee Isakwisa aliponiuliza kama mwenyewe ameridhia, nilimjibu ni urithi wangu kwa baba.

Nyumba yetu haikuhamwa na njiwa. Njiwa walipakiwa kwenye Noah chini ya kiti changu.

Na yule wa kwenye friza alikuwa Padri. Padri yule mweusi mwenye shingo nyeupe, aliyempa jina ni baba, aliyekuwa anakula kiganjani mwako. Ndiye niliyemrusha siku nne. Nilitaka nikuandikie kwamba sikumtambua, lakini ningekuwa ninakudanganya, nilimtambua tangu siku ya kwanza nilipomkunja kichwa.

Mlipoanza kusema njiwa wamekimbia maneno ya shemeji, nilinyamaza. Nilidhani mtanuniana wiki mbili iishe. Kila uliponipigia nilikupa pole, nikakushauri uwe na subira, mimi mwenye gunia. Ijumaa ile uliponieleza shemeji ameondoka, na kwamba Rozina alikuwa anakuita kutoka mgongoni mpaka basi likapinda, sikulala. Njiwa wa nyumbani walikuwa wamebaki wanne, hawakuwa wameng'olewa manyoya, walifungwa utepe tu. Asubuhi nikawakata utepe, nikawaachia. Nilijua njiwa mkubwa hasahau kwao hata umfungie mwezi. Nilifikiri mama atawaona, atafurahi, atasema kumbe walitembea tu, mwiteni mkwe wangu arudi. Niliona nimetengeneza mambo bila kusema neno. Kumbe nilichopeleka pale ni ushahidi wa uongo wenye mabawa. Wawili sijui walipotelea wapi, labda mwewe. Wawili walifika, na kwa kufika kwao wamemfungia shemeji mlango ambao maneno ya mama peke yake yasingeweza kuufunga.

Kwa hiyo mama alisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako, ila alikung'uta nguo ya mkwe wake badala ya yangu. Nilijitazama kwenye kioo cha pikipiki jana nikatamani kutema mate.

Wazee wanaweza kusema Eustace anamtetea shemeji yake kwa kumwonea huruma, ametunga. Basi kabla hujaanza kuisoma, wakamateni wale njiwa wawili muwalete barazani. Kila mmoja ana uzi wa bluu mguu wa kushoto, uzi wa gunia la mbolea, nimeufunga mimi mafundo mawili ili yeyote akitoroka nimtambue. Inueni bawa lake mtaona gundi nyeusi ya utepe imeshika manyoya, bado inanata. Mama macho yake hayaoni vizuri, mpe aguse kwa kidole.

Kazi nimeiacha leo. Nimemweleza mzee ukweli, hakukasirika kama nilivyotegemea, aliagiza friza ioshwe. Mimi Jumapili sitakuwa hapo nyumbani, na si kwamba ninakimbia. Kesho ninapanda gari la kuteremka Wampembe. Nitakwenda kwa baba yake Bertilla, nitapiga magoti na kumwambia haya haya kwa mdomo wangu, na shemeji asikie, na majirani zao waliomwona akirudishwa wasikie. Wakinipiga ni haki yao. Kama shemeji atasema hataki tena kurudi kwenye nyumba yetu, kaka, sitakuwa na neno la kumshawishi, na wewe usinitume nimbembeleze. Utakwenda mwenyewe.

Kibanda cha baba msikibomoe kwa hasira. Msamehe mama pia, yeye aliamini alichofundishwa, na mimi niliyefundishwa hicho hicho ndiye niliyekitumia.

Nisalimie wote wa hapo. Mwambie mama ninamwamkia shikamoo. Usimlazimishe kuitikia. Ukimaliza kusoma, kata nyuzi miguuni mwa wale njiwa.

Ni mimi mdogo wako,
Eustace