Kadi ya Basi ya Mama Kabira

Mama Kabira,

Fimbo yako ikigonga ngazi ya basi mara mbili, kabla hujainua mguu. Huo ndio mlio ninaoamka nao.

Hukujua kusoma hata Kiarabu, kwa hiyo nakuandikia kwa Kiswahili bila kuomba radhi.

Chumba chako sasa ni stoo ya baiskeli za wajukuu. Madam, mke wa mwanao, amegawa nguo zako. Kadi yako ya wazee, ile ya kupanda basi bure wewe na msindikizaji mmoja, ilibaki kwangu kwa kuwa ni mimi niliyekuwa nikiibeba. Hakuna aliyeiulizia. Waliionea haya tangu ukiwa hai. Namkumbuka bosi, mwanao, akikusihi mlangoni pa nyumba yenu mtaani Al-Naseem: "Mama, gari lipo, dereva yupo. Unataka watu wasemeje?" Ukamjibu huku unavaa viatu: "Waseme mama yako anajua njia." Kisha ukanigeukia. "Yalla, twende, binti, kabla hajalia."

Miaka miwili nilikuwa msindikizaji wako. Riyadh nimeijua kupitia dirisha la nyuma, upande wa wanawake, bega lako likinisukuma kila kona. Mara mbili tulikwenda hadi Jeddah, kwa dada yako kule Balad, mkacheka mpaka mkakohoa.

Mkataba wangu uliisha wiki uliyozikwa. Nililetwa nikutunze wewe. Bosi akasema, "Mafi safari, huendi popote. Watoto wamekuzoea." Pasi yangu ya kusafiria ikabaki kwenye droo yake.

Siku hiyo sikulia. Nililia siku nyingine, kwa ujinga wangu. Nilitoka kwenda ubalozini, nikapanda basi, nikamwonyesha dereva kadi yako. Mazoea tu. Akaitazama, akanitazama. "Umezeeka lini, binti?" Abiria wakacheka. "Mwenyewe yuko wapi?"

Nikashuka. Nikarudi kwa miguu, nikaosha vyombo huku nalia.

Nilijichukia wiki nzima. Nina diploma ya ualimu, mkataba nausoma na kuuelewa, na bado nilikuwa nangoja mtu wa kumsindikiza.

Jumapili nikapanda tena. Dereva yuleyule, swali lilelile. Nikamwambia, "Amefariki. Nauli yangu hii." Hakucheka mtu.

Ubalozini nilikaa mpaka afisa akampigia bosi simu mbele yangu. Alikuja na pasi, na kibali cha kuondoka kikiwa na sahihi. Akasema nimemwaibisha, baada ya chakula chote nilichokula kwake. Labda nimemwaibisha. Chakula hicho nilikipika mimi, na msamaha siombi. Kadi yako nilimwekea mkononi.

Pumzika, mama. Dada yako hakuletwa mazishini. Nitamweleza mwenyewe kwamba mkono wako ulikuwa mkononi mwangu, na kwamba hukuogopa. Hilo nakuahidi.

Bosi alitaka ndege niipandie Riyadh. Nimekataa, nitaondokea Jeddah. Nakuandikia nikiwa kiti cha nyuma, pasi iko kifuani, na basi limeshatoka mjini.