Kikombe Alichopewa Salum

Zuwena mjukuu wangu,

Sote wazima hapa Darsait, mama yako anakusalimu. Umeuliza nimempendea nini Salum hata nikaolewa uzeeni. Jamani, nna mengi! Jana tulitazama filamu ya fundi mweusi aliyemwelekeza daktari mzungu kupasua moyo wa mtoto, kisha sifa akanyimwa. Nikalia. Salum ujanani alikuwa vivyo hivyo, msaidizi wa chumba cha upasuaji. Daktari wetu hospitalini alikuwa hashoni mshipa bila kumuuliza. Siku moja jamaa wa mgonjwa walileta halwa ya shukrani, wakamwambia Salum, "We mweusi, tumiminie kahawa."

Daktari akalichukua dele la kahawa yeye mwenyewe, akamimina. "Kaa, Salum. Wa kwanza wewe."

Salum akapokea kikombe, akaniletea mimi, nesi niliyekuwa mlangoni. "Kunywa, Bi Asha. Umesimama tangu alfajiri."

Ndicho nilichompendea, mwanangu.

Bibi yako, biharusi