Nilipokubali Kwamba Aliangushwa

Jumapili, saa nne asubuhi. Ukungu umegoma kuondoka Omurushaka, na mimi nimegoma kufungua duka.

Siumwi. Nimeponzwa na mdomo wangu.

Nianze na Kamugisha, maana bila yeye haya mengine hayaelewiki. Hilo si jina lake. Majina yote humu nimeyabadilisha, kwa sababu ninachoandika ni siri ya nyumba ya watu. Kamugisha ni mfugaji wa Isingiro, Mkristo anayekaa kiti cha mbele kanisani, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi kuliko ng'ombe. Mimi nauza vitenge hapa kando ya barabara, mjukuu wa mtu wa Tanga aliyekuja huku kufanya biashara akasahau kurudi. Hatukuwa na sababu yoyote ya kuwa marafiki. Tulikutanishwa na ngumi.

Miaka kumi na tisa iliyopita aliingia dukani kumnunulia mkewe kitenge, akakuta televisheni yangu ndogo inaonyesha pambano la zamani la uzito wa juu. Akasimama katikati ya duka na fimbo yake. Akasema bondia ninayemshangilia ana miguu ya ndama aliyekosa maziwa. Nikamjibu, akanijibu, mpaka jua likageuka. Kitenge alisahau kununua, na mkewe hadi leo ananilaumu mimi.

Tangu hapo kila Jumamosi, siku ya gulio, alikuwa akija kukaa kwenye benchi nje ya duka na ubishi unaanza. Bondia wangu tunamwita Fundi, kwa sababu ya ule mkono wake mrefu wa kushoto uliokuwa ukimpima mtu kwanza kabla ya kumkata. Wa kwake anamwita Engundu, yaani fahali kwa lugha ya kwao. Hawakuwahi kupigana. Fundi alistaafu Engundu akiwa bado mtoto wa shule, kwa hiyo hakuna mtu duniani anayeweza kutuamua. Hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Mimi natazama mikono, kwa kuwa kazi yangu ni kupima kitambaa. Kamugisha anatazama miguu ya nyuma. Nilimwambia siku moja kwamba bondia hana miguu ya nyuma. Akajibu kwamba ndiyo maana wa kwangu alianguka.

Hapo ndipo penye kidonda. Katika pambano lake la mwisho, raundi ya nane, Fundi alikwenda chini. Kamugisha anasema aliangushwa. Mimi nasema aliteleza, turubai la ulingo lilikuwa limelowa maji kwenye kona. Mkanda wa video wa pambano lile tumeutazama hata sijui mara ngapi, tukiusimamisha na kuurudisha nyuma, tukioneshana kisigino cha mtu kwa kidole. Watu wa benchi wamezeeka wakitusikiliza. Niliwahi kumnunia wiki mbili nzima kwa sababu ya kisigino hicho.

Aliangushwa. Nilijua tangu mara ya pili kuutazama.

Tangu kiangazi chakula kinakataa kupita kooni mwa Kamugisha. Aliacha ndizi, akaacha uji mzito, sasa ni maziwa tu. Walimpeleka hospitali kubwa wakarudi naye. Yeye ameambiwa ni vidonda, vitapona taratibu. Aliyeambiwa ukweli ni mkewe, Mama Koku: ni saratani, imeshatambaa, hakuna la kufanya, mkamtunze nyumbani. Alinipigia simu Alhamisi.

"Shemeji, waitu, mwenyewe hajui," alisema, kwa lile neno lao la kusihi. "Na watoto tumekubaliana asijue. Wewe njoo tu mbishane, atachangamka."

Nikamwahidi.

Jana nikapanda pikipiki kwenda Isingiro, kilo mbili za sukari mapajani, nikiwaza njia nzima nimpelekee nini cha maana. Sukari kila mtu anapeleka. Tulipokaribia kwake nikapata wazo, na nikajiona mtu mwema sana. Nitampa raundi ya nane.

Nilimkuta amekaa nje juani, amejifunika blanketi. Shingo imekwisha. Aliponiona akatabasamu, akaniuliza kama bado namtetea yule ndama wangu. Sauti ilikuwa ndogo lakini kejeli ilikuwa ile ile. Mama Koku akamletea kikombe cha maziwa, akarudi jikoni.

Nikamwambia, "Kamugisha, nimeutazama tena ule mkanda. Hakuteleza. Aliangushwa. Na wa kwako angempiga wa kwangu."

Nilingoja acheke. Nilikuwa nimeshaandaa hata sura ya mtu aliyeshindwa.

Hakucheka. Aliweka kikombe chini polepole, akanitazama.

"Wamekuambia nini?"

Nikasema hakuna aliyeniambia kitu.

"Miaka kumi na tisa aliteleza. Leo umekuja na sukari, ameangushwa. Salimu, wamekuambia nini?"

Mimi ni mfanyabiashara. Naweza kumtazama mteja machoni nikamwambia rangi hii haitoki. Jana nilishindwa. Niliwatazama ng'ombe wake kule bondeni, nikanyamaza, na kunyamaza huko kukamwambia yote.

Akauliza kama atazifikia mvua kubwa, ng'ombe wake wakizaa. Nikasema sijui. Hilo nalo lilikuwa jibu.

Ndipo nikaanza kuhangaika kurudisha maneno. Nikamwambia nilikuwa namtania, Fundi aliteleza, hata kipofu angeona, maji yalikuwa yametapakaa kona nzima, na huyo Engundu wake angechakazwa ndani ya raundi tatu. Nilisema kwa sauti kubwa huku napiga goti kwa ngumi, kama tunavyofanya kwenye benchi. Nilitaka aniite mwongo. Nilikuwa namwomba aniite mwongo.

"Sawa," akasema. "Aliteleza."

Amenitukana sana mtu huyu katika miaka yote hiyo, lakini hakuna tusi lililowahi kuniumiza kama hiyo sawa yake.

Akaokota kikombe chake, akanywa funda moja. Halafu akaniomba jambo moja: Mama Koku asijue kwamba yeye anajua. "Amechoka," akasema, "anajikaza mno mbele yangu, mwache aamini kwamba ameweza kunificha." Nikaahidi. Ahadi ya pili kwa nyumba ile ile, na ya kwanza nilikuwa nimeivunja kabla maziwa hayajapoa.

Mama Koku alinisindikiza hadi barabarani.

"Hukumwambia?"

"Sikumwambia, shemeji."

Ukiyachukua maneno kama yalivyo, sikumwambia. Akanishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumchangamsha mgonjwa, akanipa chupa ya samli nimpelekee mke wangu. Samli iko jikoni, mke wangu ameisifia asubuhi hii. Mimi nimekunywa chai kavu.

Najaribu kuwa mkweli hapa, kwa kuwa kwingine kote nimekuwa mwongo. Nilitaka afurahi, ndiyo. Lakini nilitaka pia nirudi nyumbani nikijiona nimefanya jambo jema kwa rafiki yangu, na hilo la pili ndilo lililonifungua mdomo. Mama Koku aliniomba kitu kimoja tu, nibishe. Ni kitu pekee ninachokiweza vizuri katika maisha yangu na nilikiacha siku kilipohitajika.

Kama ningebisha, angebaki na vidonda vyake na matumaini yake. Angekuwa anapanga habari za ndama. Sasa amekaa juani anahesabu mvua, na anahesabu peke yake, kwa sababu mkewe haruhusiwi kujua na mimi niko huku na vitenge vyangu.

Kumrudisha alikokuwa haiwezekani. Nimegeuza hili jambo kila upande tangu jana na sioni mlango.

Jumamosi nitakwenda tena. Nisipokwenda Mama Koku atashtuka. Tutakaa pale nje, yeye na blanketi lake, na itabidi tubishane kwa sauti kubwa, Fundi na Engundu, raundi ya nane na maji ya kona, ili mama wa watu asikie kule jikoni aamini kwamba mumewe hajui kitu.

Sijui nani kati yetu ataweza kuanza.