Nimewasingizia Nguruwe wa Advera

Shangazi Mwanne, nakuandikia uso ukiniwaka kwa aibu, nisaidie kabla ya Jumamosi. Mimi ni mama wa nyumbani hapa Isevya na mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, choo chetu ni cha ndani na karo lake, shimo la majitaka, liko uani, na tangu tuhamie hatujawahi kuita gari la kunyonya majitaka, maana fundi alituambia karo likijengwa vizuri halijai, nasi tukaona mfuniko unaharibu uwanja, tukaumwagia zege na kupiga vigae tukapata baraza la kusalia, basi mwaka huu choo kikaanza kugoma kushusha maji, harufu ikapanda, hadi wanajumuiya wakaziba pua katikati ya rozari, mmoja akauliza, "Jamani, hiki ni nini?" nami sijui shetani gani alinishika ulimi, nikajibu, "Si nguruwe wa Advera hao."

Advera ni jirani yangu, mjane, na nguruwe hao ndio wanaosomesha watoto wake. Maneno yakafika serikali ya mtaa, ameamriwa awaondoe ifikapo Jumamosi. Jana alikuja kwangu akasema, "Shikamoo dada. Wewe ni kiongozi wetu, niombee kwa mwenyekiti wa mtaa. Banda nalifagia kila asubuhi, si unaniona?" Nikamwambia nitamwombea. Nilipomsindikiza nikakanyaga maji kati ya vigae, na mvua haijanyesha. Nikinyamaza anaangamia, nikisema nitauweka wapi uso wangu?

Mwenye Aibu, Isevya

Mwenye Aibu, pole, ingawa pole yangu ya kwanza nampa Advera. Mjane amekuamkia, amekuomba, nawe ukamwahidi maombezi ya uongo! Mficha uchi hazai, na wewe umeuficha kwa vigae.

Huyo fundi aliwadanganya. Hakuna karo lisilojaa. Maji hunywea ardhini, tope hubaki chini, na lisiponyonywa kila baada ya miaka mitatu minne hivi, hurudi juu kama ulivyoona. Vunja hilo baraza, mfuniko uonekane. Mtu asiingie ndani hata kidogo, hewa ya karo huua, wala asimulike kwa kiberiti. Gari likishanyonya, fundi mwingine akague nyufa na mabomba. Na pampasi na mafuta ya kupikia msimwage tena chooni, nakujua.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo nenda kwa Advera, mwambie mwenyewe, usimtume mumeo, kisha mwende pamoja kwa mwenyekiti wa mtaa ufute maneno yako. Atakasirika, mwache akasirike, ana haki.

Karo likifunguliwa, harufu itajaa mtaa mzima na watu watatoka kuangalia inatoka wapi. Usijifungie ndani. Simama pale mlangoni kwako, wakuone.

Shangazi Mwanne