Mkono wa Kushoto

Asmahani mjukuu wangu,

Marahaba. Nimejiitikia mwenyewe, maana wa kunipa shikamoo hayupo. Watu wanakwenda Makka na kurudi. Wewe uko Ziba tu hapo, basi la asubuhi linakufikisha, na mfungo wa pili huu unapita sijauona uso wako. Hujambo lakini? Kifua kimepona? Wanafunzi wako wanakusikia, au nao wana masikio kama yako?

Mimi mzima, magoti ndiyo yananisema. Anayeandika ni jirani yetu Bernadeta wa cherehani. Nimemwambia asipunguze makali hata neno moja. Kitanda chako naanikia uyoga. Asali niliyokuwekea imeganda, na atakayeigusa atanitambua.

Sasa sikia. Walikuja hapa kwetu Isevya mabinti wawili wa chuo wakipima vidole vya watu kwa kichuma kama koleo dogo. Nikawauliza kama wamekosa kazi. Wakacheka, wakaeleza kwamba mtoto akiwa tumboni kuna vitu vya mwilini vinaitwa homoni, na inadhaniwa vinachangia kidole cha pete kukipita cha shahada au kutokukipita. Hapo nikakaa vizuri, maana nilikukumbuka wewe siku ya hina.

Najua hujasahau. Harusi ya Shamila, umeshapakwa mkono wa kulia, shangazi yako Zamda akauweka wake kando ya wako. Akasema vidole vya ukoo wao vilikuja na babu yao aliyetembea na misafara kutoka Ujiji, na cha shahada ndicho kirefu. Kisha akauliza mbele ya wanawake wote: “Hiki cha pete mama yako alikiazima wapi?” Mama yako Recheli wa watu, amelala kaburini kwao Goweko, hana wa kumjibia. Ukainuka, mkono mmoja una hina, mwingine mtupu. Ukaenda zako.

Basi wale mabinti wakanipima wa kulia: cha shahada kirefu. Wakaomba na wa kushoto. Nikakataa, tangu lini mtu akampa mgeni mkono wa kushoto? Wakanibembeleza, nikautoa. Asmahani, kidole cha pete kimesimama juu ya mwenzake kama chako. Umri wote huu nimeuosha mkono huo, nimebebea watoto, sijawahi kuutazama. Na nani angeutazama? Sisi watu wa kulia: kusalimiana kulia, kula kulia, hata kusutana vidole ni kulia kwa kulia.

Nikamwita Zamda, nikamwekea mkono wa kushoto mapajani, adabu nikaiacha mlangoni. Akautazama, akaniambia niutoe. Sikuutoa. Hakuomba radhi, unamjua mwanangu alivyo mgumu, lakini kesho yake alileta majani ya hina akayaanika uani kwangu. Hakusema ya nani.

Lakini nikwambie lililonikaa moyoni, ambalo Zamda sikumwambia. Nilitaka mmoja wa wale mabinti aandike kwamba wewe ni damu yangu, nikuletee karatasi Ziba. Akakataa. Alisema mikono ya mtu mmoja yenyewe haifanani sawasawa, na kidole hakimtaji baba wa mtu, wala hakimkani. Nilikasirika. Usiku sikulala. Alfajiri nikajiuliza: je, ningeukuta mkono wangu haufanani na wako, ningefanya nini? Ningekutaka vilevile. Ulipozaliwa nilikupokea kwa mikono hii miwili, na sikuhesabu kidole. Siku baba yako Sabiri anazikwa ulikishika kimoja mpaka tukarudi nyumbani. Sijui ni kipi, na sitaki kujua.

Bernadeta anafuta macho, ataichafua karatasi. Wasalimie wanafunzi wako, na mama mwenye nyumba wako. Zamda hajatuma salamu, ila anauliza kila Ijumaa.

Ukija, njoo asubuhi kabla jua halijawa kali, upitie mlango wa uani, na usishike kazi yoyote ya maji. Utanipa mkono wa kushoto. Hina imeshatwangwa, na huo ndio haujapakwa.

Bibi yako,
Mama Sabiri, Isevya